Laptopu ya Kuchorea, Kutoka Busia Hadi Malaba

Alhamisi jioni ni wakati wa pilikapilika katika maduka ya uchapishaji mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mazishi mengi ya magharibi mwa Kenya hufanywa Ijumaa na Jumamosi, na familia hutaka vijitabu vya ibada viwe mkononi kabla mwili haujatolewa mochari: picha ya marehemu kwenye jalada, wasifu wake, majina ya watoto na wajukuu, nyimbo na ratiba ya siku. Kazi hiyo inashindania kompyuta moja na kadi za harusi, fulana za chama cha akina mama, stika za matatu na bango la mkutano wa injili. Kaskazini kidogo, mjini Malaba, mwingine anachora ramani ya gesti ya orofa tatu kando ya barabara ya malori, na mwenye kiwanja anataka kuiona nyumba yenyewe kwa picha kabla hajatoa senti.

Watu hawa wawili wakiingia duka la elektroniki wataomba kitu kimoja: laptopu ya grafiki. Mara nyingi watapewa pia jibu moja: chukua i7. Jibu hilo la haraka limekula akiba ya vijana wengi, kwa sababu mbuni wa vijitabu na mchoraji wa nyumba hawahitaji mashine moja, na jina i7 peke yake halisemi lolote kuhusu nguvu iliyomo ndani.

Tarakimu za prosesa husomeka kwa urahisi mtu akishaonyeshwa. Tuchukue Core i7-6600U, iliyojaa katika laptopu za ofisi za mwaka 2016. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 6, ni ya kizazi. Herufi U mwishoni inaeleza kwamba prosesa iliundwa itumie umeme kidogo. Ndani yake mna viini viwili tu vya kufanyia kazi. Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017 kwa jina lionekanalo dogo, ina viini vinne. Core i7-8850H ya mwaka 2018 ina sita, na herufi H ni alama ya prosesa ya kazi nzito. Palipo na tarakimu tano, kama i7-12700H, kizazi ni zile mbili za mwanzo: cha 12. Kwa hiyo anayelipia i7 ya kizazi cha sita huku akiacha i5 ya kizazi cha nane kwenye rafu hiyohiyo amelipia jina.

Kizazi cha nane ni mpaka wa maana kwa sababu nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti ya kampuni hiyo, inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana za nyuma. Muuzaji anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha sita na ikawaka vizuri tu. Mnunuzi hatajua kitu siku hiyo, lakini Microsoft haiahidi kuipa mashine ya namna hiyo masasisho ya usalama. Laptopu inayobeba kazi za wateja na nywila za benki haifai kuishi hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Mbuni wa grafiki anaishi ndani ya Photoshop, Illustrator au CorelDRAW, na programu hizi zinadai kwanza RAM, kisha diski ya kasi, kisha skrini nzuri. Adobe yenyewe hutaja gigabaiti 8 kuwa kiwango cha chini cha Photoshop na 16 kuwa kinachopendekezwa. Dukani, RAM ya 8 huisha mapema kuliko mtu anavyotarajia, maana Photoshop haifunguliwi peke yake. CorelDRAW iko wazi kando, kivinjari kina WhatsApp ya mteja anayetuma picha, na PDF ya kazi ya jana inasubiri kuchapwa. Gigabaiti 16 ndiyo RAM ya kuanzia kwa anayeitegemea kazi hii kwa mlo wake.

Ipo shida ambayo hakuna laptopu itakayoitatua. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, na uso uliopendeza kwenye simu hutoka na ukungu kwenye karatasi. Mteja aombwe aitume kama faili ya hati, au alete simu yenyewe ihamishwe kwa waya. Vivyo hivyo, laptopu nyingi hulaumiwa kwa kosa la vipimo. Bango la mita 3 kwa 1 likiandaliwa kwa nukta 300 kwa inchi lina pikseli milioni 418 hivi, na tabaka moja lililojaa, katika rangi nne za chapa, hula karibu gigabaiti 1.7 za kumbukumbu. Matabaka matano yanatosha kuikwamisha mashine. Bango hilohilo kwa nukta 100 kwa inchi lina pikseli milioni 46 na nusu, sehemu moja ya tisa, na mtu anayelitazama akiwa ng'ambo ya barabara hataona tofauti. Kabla ya kuuza laptopu kwa sababu "imechoka", mbuni aangalie kwanza namba aliyoiandika kwenye kisanduku cha nukta.

Mchoraji wa majengo ana mahitaji mengine. Ramani bapa ya AutoCAD, yenye kuta, milango na vipimo, haichoshi mashine ya kisasa, na laptopu nzuri ya ofisi inaimudu. Mambo hubadilika akihamia ArchiCAD au Revit, ambako hachori mistari tena. Anajenga nyumba nzima ndani ya kompyuta, na ukuta ukisogezwa kwenye ramani unasogea kwenye mkato, kwenye sura ya mbele na kwenye jedwali la madirisha. Autodesk, wenye Revit, wanataja gigabaiti 16 kuwa mwanzo wa matoleo ya sasa na 32 kwa kazi ya wastani. Tena shughuli nyingi za Revit hutumia kiini kimoja kwa wakati, hivyo kasi ya kila kiini, ile inayoandikwa kwa gigahezi, ina uzito kuliko wingi wa viini.

Halafu kuna kurenda, yaani kuigeuza ile modeli kuwa picha yenye jua, kivuli, gari mlangoni na mwembe uani. Hapo ndipo mwenye kiwanja husema ndiyo au hapana, na hapo ndipo laptopu nyingi hufia. Lumion, Enscape, D5 na Twinmotion hutegemea kadi ya grafiki inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake yenyewe. Grafiki iliyounganishwa ndani ya prosesa, kama Intel UHD 620 ya EliteBook 840 G5, inatosha kwa jalada la kijitabu lakini si kwa mtaa wenye miti. Kadi zenye gigabaiti 4, kwa mfano Quadro P1000 au GTX 1650, humwezesha anayeanza kurenda nyumba moja isiyo na mapambo mengi. Anayetaka bustani, lami na watu atafute gigabaiti 6 au 8. Kumbukumbu hiyo ikijaa, programu huburura au hufunga ghafla, na RAM ya kawaida, hata iwe 64, haiji kuokoa jahazi. Asiyeweza kadi hiyo bado ana njia: Blender na V-Ray huweza kurenda kwa prosesa pekee. Ni polepole, lakini picha ikiachwa usiku kucha itakuwa tayari asubuhi umeme usipopotea.

Inafaa kukumbuka kwamba majengo yaliyoipa Afrika Mashariki sura yake yalichorwa kwa kalamu na rula ya T. Jumba la KICC jijini Nairobi, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lilikamilika mwaka 1973. Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lenye paa la miavuli ya zege, ni kazi ya Beda Amuli ya miaka hiyohiyo ya sabini. AutoCAD ya kwanza ilitoka Desemba 1982. Wanafunzi wanaotoka Busia kwenda kusomea usanifu majengo Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT pale Juja bado wanahitaji mkono unaojua kuchora kabla ya mashine. Na nchini Kenya, kwa mujibu wa sheria iliyo kwenye Sura ya 525, jina la msanifu majengo ni la aliyesajiliwa na bodi ya BORAQS. Kijana wa ramani anaweza kurenda picha ya kupendeza hadi mteja akalia kwa furaha, lakini ramani inayopelekwa kaunti kuidhinishwa inahitaji msanifu na mhandisi waliosajiliwa. Kwa hiyo laptopu yake ni lazima pia iweze kufungua na kurudisha faili za ofisi anayoshirikiana nayo.

Hilo la faili lina uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Faili ya Revit ikifunguliwa na kuhifadhiwa katika toleo jipya haifunguki tena katika toleo la zamani. CorelDRAW ya zamani haifungui kazi iliyohifadhiwa kwa toleo jipya, isipokuwa mwenye kazi aihifadhi upya kwa muundo wa nyuma. Basi kabla ya kuchagua mashine, mtu aulize: mhandisi wangu wa Kisumu anatumia toleo la mwaka gani? Mchapishaji wangu wa River Road jijini Nairobi, au wa Nasser Road jijini Kampala, anapokea faili gani? Toleo hilo ndilo litakaloamua RAM na kadi, na litaokoa usiku mmoja wa kuhangaika na faili isiyofunguka.

Anayevutiwa na MacBook afanye hesabu hiyohiyo. Tangu Novemba 2020 Apple inatumia chipu zake yenyewe, na kwa mbuni wa grafiki ni mashine bora sana: skrini yake ina rangi sahihi, betri yake hukaa, na haipunguzi kasi ikichomolewa kwenye umeme. Lakini Revit na Lumion hazina toleo la Mac, na RAM inayonunuliwa siku ya kwanza haiongezeki milele. AutoCAD, ArchiCAD, SketchUp na programu za Adobe zinafanya kazi humo bila tatizo.

Kwa wenye bajeti ya kawaida, soko lenye tumaini ni la mashine zilizotumika, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK. Miongoni mwao zipo laptopu zilizotengenezwa mahsusi kwa wahandisi na wasanifu: HP ZBook, Dell Precision na Lenovo ThinkPad zenye herufi P. Kampuni za Ulaya na Marekani huzinunua kwa bei kubwa, huzitumia miaka michache kisha huziachilia. ZBook 15 G5 au ThinkPad P52, zote za mwaka 2018, zina prosesa zenye herufi H, kadi za Quadro, na nafasi nne za RAM katika matoleo mengi, hivyo mtu anaweza kuanza na 16 na kuongeza baadaye. Kwa fedha za laptopu mpya nyembamba ya dukani, yenye RAM iliyochomelewa isiyoongezeka, mara nyingi mtu hupata moja ya majabali haya. Ni nzito, kilo mbili na nusu hivi, na chaja yake ni tofali. Mwenye kubebwa na bodaboda kutoka saiti hadi saiti lazima alipime hilo. Hata hivyo, kati ya mashine mpya nyembamba isiyo na kadi na jabali la 2018 lililotunzwa, mchoraji wa nyumba achukue jabali bila kusita.

Skrini ndiyo sehemu inayodharauliwa zaidi, na kwa mbuni wa mpakani ndiyo yenye kuumiza zaidi inapokosewa. Skrini nyingi za bei nafuu huonyesha sehemu ndogo tu ya rangi. Kwenye orodha ya sifa huandikwa "45% NTSC", na maana yake ni kwamba rangi nyingi za kawaida haziwezi kuonekana kama zilivyo. Zaidi ya hapo, skrini za aina ya TN hubadilika sura kichwa kikisogea: ukitazama kutoka chini giza linaongezeka, kutoka juu kila kitu kinapauka. Sasa mbuni ameiweka picha ya mama mzee wa Matayos mbele ya skrini kama hiyo. Ngozi yake inaonekana imepauka kwa rangi ya buluu, basi mbuni anaongeza wekundu na kuikoleza. Nakala mia tatu zinatoka kwenye printa, na uso umekuwa mweusi ti, macho hayaonekani, wanawe hawamtambui. Kesho yake ni mazishi. Hakuna kuchapa upya.

Ndiyo sababu mbuni atafute skrini ya aina ya IPS inayofikia karibu asilimia 100 ya sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini, hata kama itambidi achukue prosesa ya chini kidogo. Baadhi ya ZBook zilitoka na skrini ya DreamColor, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ya rangi, na mwenye bahati ya kuikuta asiiache. Akikosa laptopu yenye skrini nzuri, anunue monita ya IPS ya inchi 24 iliyotumika na kuiunganisha. Monita hiyo itaishi kuliko laptopu mbili. Akumbuke pia kwamba skrini hutoa rangi kwa mwanga, ilhali printa hutumia wino wa rangi nne, na kijani kinachong'aa kwenye kioo hakina mwenzake kwenye karatasi. Desturi nzuri ni kuchapa karatasi moja kwa printa ileile na kuiangalia nje, mchana, kabla ya kuruhusu mia tatu.

Ukubwa wa picha ya skrini nao una kikomo chake. Laptopu nyingi za ofisi za zamani zina pikseli 1366 kwa 768, na Photoshop huhitaji kimo cha 800 kwa uchache. Menyu hukatika chini na vitufe havionekani. 1920 kwa 1080 ndiyo ya kuanzia, kwa wabuni na wachoraji vilevile.

Kuhusu diski, neno ni fupi: SSD, na ikiwezekana ya aina ya NVMe. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti mia moja na kitu kwa sekunde, SSD ya SATA mia tano na ushee, NVMe ya kawaida elfu mbili hadi elfu tatu. Gigabaiti 512 zinatosha kuanza.

Umeme unastahili maneno mengi zaidi. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya maeneo ya dunia yenye radi nyingi, na anayefanya kazi Busia, Malaba au Port Victoria anajua alasiri zinavyokuwa msimu wa mvua. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani kwa saa kadhaa. Kupotea kwa umeme ni jambo moja; kurudi kwake kwa kishindo ndiko kunakoua chaja na bodi. Kizuia-mshtuko cha kweli, si soketi ya kawaida ya kuongezea, ni sehemu ya bei ya laptopu na kihesabiwe siku ya kununua. Radi ikianza, chaja ichomolewe ukutani.

Mashine za kazi nzito hupunguza kasi sana zikiwa kwenye betri. ZBook 15 G5 hutumia chaja ya wati 150 au 200 kulingana na vifaa vilivyomo. Ikiuzwa na chaja ya wati 65 ya EliteBook, itawaka, lakini itaburuta miguu, na mnunuzi ataamini ameuziwa mashine mbovu. Akague wati zilizoandikwa kwenye chaja kabla ya kulipa. Mwenye sola naye apige hesabu. Betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 100 hubeba saa-wati 1,200, na nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuiharibu. Laptopu inayorenda kwa wati 120 itamaliza akiba hiyo kwa saa tano hivi, wakati laptopu ya ofisi inayokula wati 25 itafanya kazi mchana kutwa na kubaki na chaji. Mbuni wa vijitabu anayetegemea sola ana sababu nzuri ya kuliacha jabali na kuchukua mashine nyepesi yenye prosesa ya U ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa bahati njema, soketi za Kenya na Uganda ni zilezile za pini tatu za mraba, na umeme ni wa volti 240 pande zote mbili, kwa hiyo chaja haina mpaka.

Ukaguzi wa dukani hauhitaji fundi. Mnunuzi abebe flashi yenye faili yake nzito kuliko zote, ile iliyomkwamisha mwezi uliopita, aifungue palepale kama programu ipo. Abebe pia Blender: tovuti yake ina toleo lisilohitaji kusakinishwa, linaendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Aipe mashine kazi ya kurenda kwa dakika ishirini huku akiongea bei. Feni ikilia hadi watu wageuke na kasi ikaporomoka, ndani mna vumbi au kipoozeo kimekauka. Kisha afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Windows itaandaa ukurasa wenye namba mbili muhimu, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa namba ya pili ni nusu ya ya kwanza, betri mpya iingizwe kwenye bei. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itamweleza afya ya SSD. Picha nyeupe, nyeusi na nyekundu zilizojaza skrini zitafichua nukta zilizokufa.

Mambo mawili zaidi hayaonekani kwa macho. La kwanza ni kufuli: mashine iliyotoka kwenye kampuni inaweza kuwa bado na nywila ya BIOS, au kusimamiwa na kampuni ya zamani kupitia intaneti, na siku ikiwekwa Windows upya ikagoma. Mnunuzi aingie BIOS mwenyewe aone kama inamfungulia. Kwa MacBook, ahakikishe akaunti ya mwenye awali imeondolewa kabisa. La pili ni namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini. Ikiandikwa kwenye tovuti ya Dell, HP au Lenovo, huonyesha ni laptopu gani hasa, na mara nyingi hata vifaa ilivyotoka navyo kiwandani. Kama kiwanda kinasema ilikuwa na Quadro na iliyo mezani haina, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Wapi pa kununua? Busia iko kama kilomita 200 kutoka Kampala na zaidi ya 400 kutoka Nairobi, hivyo wengi hutazama pande zote. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kimewaweka maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja na kurahisisha safari. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kompyuta ni asilimia 0, lakini VAT ni jambo jingine: kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na laptopu hazimo. Anayebeba mashine yake ya kazi atembee na risiti yake. Anayeleta tatu za kuuza aulize dirisha la forodha kabla hajanunua.

Hata hivyo swali zito ni la dhamana. Laptopu ikizima siku ya tisa, itarudi kwa nani? Muuzaji wa Luthuli Avenue anaweza kuwa na bei nzuri, lakini nauli ya kwenda Nairobi na siku mbili bila kazi zinaila. Muuzaji wa Busia, Bungoma au Kisumu mwenye fundi na risiti yenye namba ya mashine anastahili kulipwa ziada kidogo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki hiyo hudaiwa kwa urahisi zaidi mahali anapoweza kufika kwa matatu.

Bajeti ya programu isisahaulike. Tangu 2013 Adobe imeelekeza nguvu kwenye malipo ya kila mwezi, na gharama hiyo huwasukuma wengi kwenye nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi na hukata masasisho. Wanafunzi wa vyuo hupata programu za Autodesk bure kwa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa. Twinmotion ni bure kwa mwenye mapato yasiyofika dola milioni 1 kwa mwaka, na hao ni karibu kila mchoraji wa kaunti ya Busia. Inkscape, GIMP, Krita, Scribus na Blender ni za bure kwa kila mtu, na kijitabu kizuri cha kurasa nane huundwa kikamilifu ndani ya Scribus na GIMP. Zinahitaji wiki chache za kuzoea.

Na wapo ambao hawahitaji laptopu kabisa. Duka la uchapishaji ambalo mashine haitoki mezani lingepata nguvu zaidi kwa fedha zilezile katika kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye monita ya IPS na UPS ya kuipa dakika kumi za kuhifadhi kazi. Kompyuta ya mezani hupoa vizuri, haiibwi kwa kutiwa mfukoni, na kadi yake ya grafiki hubadilishwa bila kubadilisha kitu kingine. Laptopu imfae anayekwenda kwa mteja, saitini na darasani.

Mwenye fedha kidogo si lazima angoje akusanye zote. Anaweza kuanza na mashine ya kizazi cha nane yenye nafasi za RAM zilizo wazi na SSD ya 256, akafanya kazi za kadi na fulana. Malipo ya mwanzo yanunue RAM ya pili na kizuia-mshtuko, yanayofuata yanunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala, kisha monita. Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangwa Agosti 2027, na kazi ya mabango, fulana na stika za wagombea huanza miezi mingi kabla. Atakayekuwa na gigabaiti 16, skrini ya rangi sahihi na nakala ya kila faili kwenye diski ya pili ataweza kupokea oda ya kata nzima kufikia wakati huo.